Misitu na bustani za Nairobi: tufanye nini ili ziungane kwa njia moja ya miguu?

Mkaazi wa Ngara anauliza:

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo lililonikaa moyoni tangu Jumapili moja nilipoamua kutoka Msitu wa Karura hadi Arboretum, ile bustani ya miti, kwa miguu, bila kupanda gari hata kidogo.

Ndani ya Karura sikuwa na tatizo lolote. Msitu huo una zaidi ya hekta 1,000, na kila njia panda ina kigingi chenye namba, kwa hiyo hata anayefika mara ya kwanza huangalia namba, akaitafuta kwenye ramani na kujua yuko wapi. Nilipotoka kwenye lango la upande wa Barabara ya Limuru, mambo yalibadilika papo hapo. Kinjia cha kando ya barabara kilikuwa chembamba, kimechongwa na nyayo za watu wa kazi, huku ukuta wenye nyaya za umeme ukiwa upande mmoja na magari upande wa pili. Mbele yangu alikuwa mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Kila matatu ilipokaribia alisimama, akageuka kuitazama barabara ili mtoto abaki upande wa ukuta, kisha akaendelea. Nilimhesabia mara saba kabla hajaingia kwenye lango la nyumba anakofanya kazi.

Nikafika City Park, ambayo ina takriban hekta 60, kima wengi, na kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi yetu. Nikapumzika. Kutoka hapo nikaingia Barabara ya Profesa Wangari Maathai, ambayo wengi wetu bado tunaiita Forest Road. Mwaka 1999 Profesa Maathai alishambuliwa penye lango la Karura kwa sababu ya kutetea msitu usigawiwe kwa wajenzi, na leo mtu hawezi kutoka katika msitu alioutetea hadi barabara yenye jina lake kwa njia ya miguu isiyokatika. Nikashuka hadi Michuki Park, kando ya Mto Nairobi, mahali palipokuwa pamejaa takataka kabla ya kusafishwa mwaka 2008 wakati John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira. Nikapanda Museum Hill, nikapita Chiromo, na hatimaye nikaingia Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907. Njiani nilivuka barabara kubwa mara nne, na mara moja nilivuka kwa kukimbia.

Sehemu zote nilizotaja ni nzuri, na kila moja ina watu wanaoitunza. Kinachokosekana kiko katikati yake. Nimesikia kwamba kuna miji ambayo bustani, mito na misitu yake imeunganishwa kwa njia za miguu na baiskeli, hata mtu akavuka wilaya tatu au nne bila kuingia barabara ya magari. Naomba wenye ujuzi mnieleze: mitandao ya namna hiyo ilijengwaje, na hapa kwetu tungeanzia wapi?

Mtembezi wa Philadelphia anajibu:

Ndugu yangu wa Ngara, swali lako nimelisoma mara mbili. Nimeishi Philadelphia, Marekani, kwa miaka mingi, na karibu kila Jumamosi hutembea katika mtandao wa aina hiyo, kwa hiyo nitaeleza ninaoujua.

Unaitwa Circuit Trails. Unahusu kaunti tisa, tano za jimbo la Pennsylvania na nne za New Jersey ng'ambo ya Mto Delaware. Mpango ni kuwa na zaidi ya maili 850, yaani karibu kilomita 1,370, na zaidi ya maili 400 zimekwisha kujengwa. Watu wa mbali husikia namba hizo wakadhani kwamba serikali moja yenye fedha nyingi iliketi ikachora na kujenga. Sivyo kabisa. Njia nyingi zilikuwako kabla ya jina hilo, kila moja imejengwa na kaunti yake au mji wake, nyingine kando ya mto, nyingine juu ya reli iliyoachwa. Kilichotokea mwaka 2012 ni kwamba mashirika ya kiraia, kaunti na wafadhili walikubaliana kuziita zote kwa jina moja, kuzichora kwenye ramani moja, na kuonyesha katika ramani hiyo, kwa rangi tofauti, vipande ambavyo bado havipo. Ramani ile ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Mbunge au diwani akionyeshwa njia ya kilomita tatu katika eneo lake huiona kama bustani ndogo ya kupendeza watu wachache, lakini akionyeshwa mstari mrefu uliokamilika pande zote na kukatika katika eneo lake peke yake, hukosa mahali pa kuficha uso.

Reli zilisaidia sana, na hapa lazima niseme ukweli kwamba Kenya haina urithi wa namna hiyo kwa wingi. Mwaka 1983 bunge la Marekani lilirekebisha sheria ili reli isiyotumika tena iweze kuhifadhiwa kwa matumizi ya baadaye, na wakati huohuo itumike kama njia ya miguu, badala ya ardhi yake kukatwakatwa na kurudi kwa wamiliki mbalimbali. Daraja la Manayunk, mtaa mmoja wa Philadelphia, ni mfano ninaoupenda. Lilikuwa daraja la treni, treni zikaacha kulitumia mwaka 1986, likakaa tupu karibu miaka 30, na mwaka 2015 likafunguliwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Ukisimama katikati yake unaona paa za nyumba za Manayunk chini yako na mto ukipinda, na ng'ambo unaingia moja kwa moja katika njia ya mji mwingine wenye serikali yake.

Lakini mafunzo makubwa niliyoyapata yanatoka katika mapengo madogo. Njia ya Mto Schuylkill katikati ya jiji ilifika mahali ikakwama, kwa sababu ukingo wote ulikuwa umeshikwa na reli ya mizigo inayotumika mpaka leo, na hapakuwa na hata nafasi ya kupitisha toroli. Walifanya nini? Walijenga njia ya zege juu ya nguzo ndani ya mto wenyewe, sambamba na ukingo, kama mita 600 hivi, ikafunguliwa mwaka 2014. Mfano wa pili ni Daraja la Benjamin Franklin, lililofunguliwa mwaka 1926 na kuunganisha Philadelphia na Camden, mji wa New Jersey. Kwa miaka mingi njia ya miguu ya upande wa kusini iliishia Camden kwa ngazi. Mwenye baiskeli aliibeba begani. Mwenye kiti cha magurudumu hakuwa na la kufanya. Mwaka 2019 ngazi zile ziliondolewa, ukawekwa mteremko. Mteremko mmoja tu, na majimbo mawili yakaungana kwa watu ambao awali walikuwa wamefungiwa nje.

Kwa hiyo ukiniuliza mahali pa kuanzia, nitakwambia usianzie kwenye bustani. Anzia pale kwenye ukuta ulipomwona yule mama.

Mpima Ardhi anajibu:

Nashukuru kwa maelezo ya ndugu yetu wa Philadelphia, nami nikubaliane naye kwamba hatuna reli nyingi zilizoachwa. Hata hivyo tunayo mito, na mito ina kitu ambacho reli zetu hazina, yaani ukingo unaolindwa na sheria.

Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 zilieleza kwamba ukingo wa mto usijengwe kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, ukipimwa kutoka mahali maji yalipowahi kufika yalipojaa zaidi. Hata tukichukua kipimo kidogo kabisa, mita 6 zinatosha njia ya watu na baiskeli pamoja na mstari wa miti. Sasa tazameni mto wenyewe unavyokwenda. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, katika Kaunti ya Kiambu, unaingia jijini, unapita Chiromo, Museum Hill, Gikomba, Shauri Moyo na Dandora, kisha unaungana na Athi, ambao ndio huohuo watu wa Malindi wanaouita Sabaki unapoingia baharini. Mito ya Mathare na Ngong nayo inapita katikati ya mitaa yenye watu wengi zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya jiji. Mtu angetaka kuchora mtandao wa njia za kijani unaovuka kaunti, mistari mikuu ameshachorewa na maji.

Taabu yetu ni ya namna mbili. Kwanza, barabara moja iko chini ya mamlaka ya barabara kuu, nyingine chini ya mamlaka ya barabara za mijini, ya tatu ni ya kaunti, msitu una wasimamizi wake, na ukingo wa mto una ofisi nyingine kabisa. Nimewahi kufanya kazi ya upimaji ambapo njia ya miguu iliyopangwa ilifika kwenye mpaka wa ofisi mbili ikasimama, kwa kuwa kila ofisi ilisema kipande cha mita 40 kilichobaki ni cha mwenzake. Mpaka leo kipande hicho ni mtaro wenye ubao uliowekwa na wauza mboga ili wateja wao wavuke.

Taabu ya pili ni nzito zaidi, nami naomba tuizungumze kwa uangalifu. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 serikali iliamuru watu waondoke kando ya mito, na huko Mathare na Mukuru nyumba nyingi zilibomolewa katika siku chache. Watu wale walikuwa wamekwisha kupoteza vitu vyao kwa maji, kisha wakapoteza mabati kwa matingatinga. Mtu akitokea sasa na michoro ya njia nzuri ya kutembea pale ambapo nyumba zao zilisimama, watamwona kama adui, na watakuwa na sababu. Njia ya kando ya mto isitumiwe kuwa kisingizio cha kuwafukuza watu bila kuwapa mahali. Mfano bora ninaoujua uko Korogocho, ambako vijana wa kikundi cha Komb Green Solutions walizoa takataka ukingoni wakatengeneza bustani inayoitwa People's Park. Bustani ile inalindwa na mtaa kwa kuwa mtaa ndio ulioitengeneza. Vipande vya namna ile vikipata njia ya kuviunganisha, mtandao utakuwa umeanza upande ambao ramani za watalii hazionyeshi.

Mwenda Kazini wa Mathare anajibu:

Nawasalimu wote. Mimi ni mmoja wa wale mnaowaona ukutani, ingawa si yule mama wa kwenye habari. Ninakaa Mathare na kufanya kazi ya nyumbani Muthaiga, nami hutembea kwenda na kurudi siku sita kwa juma, kwa kuwa nauli ya siku sita ni chakula cha watoto.

Ninayo machache ya kuongeza. Kaka yetu wa Ngara alitembea Jumapili mchana. Mimi hutoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi na kurudi saa moja jioni kukiwa giza. Njia ya kijani yenye miti mizuri lakini isiyo na taa, kwangu ni mahali pa kuogopa, na nitaendelea kupita barabarani penye moshi lakini penye watu. Vilevile, msitu una kiingilio na unafungwa jioni. Sisemi ni vibaya, kwa sababu najua walinzi wanalipwa kwa fedha hizo, lakini njia yenye lango na malipo haiwezi kuwa njia ya mtu anayekwenda kazini kila siku. Mtandao ukijengwa kwa kuunganisha tu mahali pa kulipia, utakuwa mtandao wa watu wa Jumapili.

Tena mvua. Msimu wa masika mimi hubeba viatu viwili, vya plastiki vya njiani na vya kazini ndani ya mfuko. Nikifika kwenye bomba la bustani la mwajiri wangu, naosha miguu kabla ya kuingia. Wanaopanga njia wangeanza na zege au mawe yaliyopangwa, upana wa watu wawili kupishana, na mtaro wenye kifuniko, hapo ningeona kwamba mimi pia nimehesabiwa.

Mzee wa Parklands anajibu:

Binti yangu wa Mathare amesema kweli, nami nampa pole kwa taabu ya njia. Hata hivyo niruhusiwe kutetea uzio na kiingilio cha Karura, kwa sababu vijana wengi hawakuuona msitu ule ulivyokuwa zamani.

Mimi nilikuwa nikiishi karibu nao katika miaka ya tisini. Hakuna mzazi aliyemruhusu mtoto wake kuingia. Miti ilikatwa usiku, magari yaliyoibwa yalipatikana humo, na watu waliporwa mchana kweupe. Baada ya wakazi kuunda chama cha marafiki wa msitu na kushirikiana na idara ya misitu, uzio ukajengwa, vijana wa mitaa ya jirani wakaajiriwa kuwa askari, na njia zikafunguliwa moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza nilipoona wanawake wawili wakikimbia peke yao humo ndani asubuhi, nilisimama nikatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Hilo lisingewezekana bila lango. Kwa hiyo siungi mkono wazo lolote la kuuacha msitu wazi usiku ili upatikane mkato wa kwenda kazini.

Napendekeza njia ya watu wa kila siku ipite nje ya uzio, katika hifadhi ya barabara, ambayo ni mali ya umma tayari. Kwa sehemu kubwa ya Barabara ya Limuru nafasi ipo. Imeliwa na wauza miche, na maua ambayo wenye nyumba wamepanda mbele ya kuta zao kana kwamba ni shamba lao. Wauza miche naomba wasifukuzwe, kwani wao ndio waliogeuza kando ya barabara zetu kuwa bustani. Wapewe mstari wao na watembeao wapewe wao. Upande wa pili wa barabara hiyohiyo kuna kipande cha Sigiria, ambacho ni Karura ileile iliyokatwa na lami. Wanyama na watu wote wanakosa pa kuvukia. Kivuko kimoja kizuri hapo, chenye taa za kusimamisha magari, kingewasaidia watu wa Jumapili na wa Jumatatu kwa pamoja.

Mtembezi wa Philadelphia anajibu tena:

Mzee, shikamoo. Naona wewe na dada yetu wa Mathare hampingani kama inavyoonekana mwanzoni. Hata huku kuna bustani zinazofungwa jioni, na njia inayopita nje yake hubaki wazi. Suala la taa limezua mabishano makali pia huku, kwani wapenda ndege na wanyama wa usiku hawazitaki kando ya mto, na wanaorudi kazini wanazitaka. Njia nzuri ninazozijua zimeweka taa pale tu zinapoingia mitaani na kwenye vivuko, na wenye baiskeli hubeba taa zao. Lakini nakiri kwamba mtu anayetembea peke yake saa moja jioni hawezi kuridhika na jibu hilo, na hapo dada yetu ana haki kuliko mimi.

Jambo moja la kiutendaji: kabla ya daraja au mteremko wowote kujengwa, watu walihesabu wapitaji. Walikaa kwa saa kadhaa asubuhi na jioni, wakaandika waendao kwa miguu, wa baiskeli, wenye watoto, waliovuka mahali pasipo kivuko. Karatasi ile hupewa uzito kwenye vikao kuliko barua kumi za malalamiko.

Mkaazi wa Ngara anajibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nilikuja nikifikiria bustani chache na mstari mmoja mzuri wa kutembea mwishoni mwa juma. Sasa naona kwamba mstari huo unapaswa kuwa wa aina mbili zinazokutana: mmoja ndani ya msitu, wenye lango na walinzi kama Mzee alivyosema, na mwingine nje, wa zege, ulio wazi saa zote, wenye taa, kwa ajili ya wanaotembea kwa kuwa hawana nauli. Na nimekubali ushauri wa kuanza na pengo moja.

Pengo nililochagua ni Barabara ya Limuru, kutoka lango la Karura mpaka City Park. Jumanne ijayo nitakaa pale na daftari kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha nirudi jioni kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku. Nitaandika wapitaji, nitapima upana wa kinjia kila baada ya mita 100 kwa utepe, na nitatia alama mahali watu wanapovukia. Ndugu yetu Mpima Ardhi, ukipata nafasi ya kunionyesha mipaka ya hifadhi ya barabara inavyokwenda kwenye ramani rasmi, utakuwa umenisaidia sana. Dada wa Mathare, ikiwa una wenzako wawili au watatu wanaopita Muthaiga saa hizo na wako tayari kuniambia wanakovukia na kwa nini, naomba mnielekeze hapahapa. Matokeo nitayaandika yote kwenye mjadala huu, hata yakionyesha kwamba nilichagua pengo lisilofaa na kwamba tulipaswa kuanzia upande wa Mathare.

Mwenda Kazini wa Mathare anajibu:

Watakuwapo wanne. Ukae upande wa juu wa barabara, si wa chini, kwa sababu upande wa chini asubuhi jua linakupiga machoni na hutaona wanaovuka.